Mngoni wa Kuokotwa

Jeneza la Tarsis Komba lilikwama uani kwake, Mtaa wa Narung'ombe, kwa sababu Mhehe mmoja alikuwa amelala njiani.

Mhehe huyo alikuwa Mzee Filbert, fundi baiskeli wa Buguruni. Alikuwa amejinyoosha chali mbele ya mlango wa kutokea, mikono kifuani, macho ameyafumba, na mwilini alikuwa na koti la marehemu alilolivaa nyuma mbele. Wabebaji wakasimama.

"Piteni juu yangu," alisema bila kufumbua macho. "Mngoni huyu hajawahi kuamka mapema maisha yake yote. Leo mnamharakishia nini?"

Watu waliokuwa wakilia wakaanza kucheka, wengine machozi bado yakiwatiririka. Wahehe na Wangoni ni watani tangu babu zao walipochoka kupigana, na penye msiba mtani ana ruhusa ambayo hata padri hana. Walimbembeleza, wakamvuta miguu, mwishowe akainuka mwenyewe na kujikung'uta vumbi. Akalisogelea jeneza, akaligonga kwa vidole kama mtu anayegonga mlango wa jirani.

"Hodi! Mngoni, umelala? Basi lala. Mke wangu namchukua mchana kweupe, na hakuna wa kunidai!"

Ua mzima ukaangua kicheko. Hyasinta, binti mkubwa wa marehemu, naye alicheka bila kutaka, kicheko cha mtu aliyebanwa na kilio. Ndipo macho yake yalipoangukia kwa mama yake. Benedikta alikuwa amekaa mkekani katikati ya wanawake, khanga ameivuta hadi kwenye nyusi. Hakucheka. Aliweka kiganja chini, akajiinua taratibu, akaingia chumbani na kurudishia mlango, ilhali kila mtu anajua kwamba mjane hanyanyuki mkekani kabla mwili haujatoka.

Wanawake walisema ni uchungu. Lakini Hyasinta kuanzia saa ile hakutulia tena.

Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na mmoja, mshonaji katika ushirika wa akina mama uliokuwa Mtaa wa Mahiwa, ambako walishona sare za shule na foronya za hospitali. Mume wake alifanya kazi katika Reli ya Uhuru na kuonekana nyumbani kwa nadra, hivyo yeye na watoto wake wawili waliishi chumba cha pili katika nyumba ileile aliyokulia. Alikuwa mtu wa mstari ulionyooka. Mshono ukipinda hata kidogo aliufumua, na wenzake walimcheka kwamba siku moja atamfumua na mwanafunzi aliyevaa sare yenyewe. Katika wiki zilizofuata mazishi alifumua kuliko alivyoshona. Aliweka mifuko kushoto badala ya kulia, akaitoa, akairudisha kulekule kushoto. Wakati wa mapumziko, wenzake wakila mihogo kivulini, yeye alizunguka soko jipya mara mbili bila kununua hata nyanya, akarudi kwenye cherehani amelowa jasho.

Kilichomchoma kilikuwa na sababu. Mzee Pantaleo, mzee wa kanisa aliyesimamia shughuli zote za msiba, alikuwa amepita na kumwambia kwamba siku ya arobaini yeye ndiye atakayesimama mbele ya watu kusema maisha ya marehemu.

"Watu wanapenda kusikia, mwanangu. Alizaliwa wapi, akasoma wapi, akafanya kazi gani, akakutana vipi na mama yako. Hapo kwenye kukutana usiruke. Hapo ndipo wanapotabasamu."

Mengine yote Hyasinta aliyajua. Baba yake alizaliwa karibu na Peramiho, akaja Dar es Salaam kijana, akawa kuli bandarini, kisha mpokeaji mizigo wa reli. Mwishoni alikuwa balozi wa nyumba kumi, na mtaa mzima ulimjua kwa jambo moja: foleni ya unga wa Yanga, ule wa njano wa msaada, ilipofika hadi kona, balozi Tarsis alikwenda kusimama mkiani na kapu lake kama mtu mwingine yeyote. Mwenye duka alipomwita apite mbele alijibu kwamba tumbo la balozi halina cheo. Huyo ndiye baba aliyemlea. Sasa akapiga hesabu ambayo hakuwahi kuipiga. Mzee Filbert alikuwa askari, alikwenda vitani Bama, akarudi mwaka arobaini na sita. Hilo alilisimulia kila Jumapili alipokuja kula kwao. Yeye Hyasinta alizaliwa mwaka arobaini na tano. Kama maneno yale kwenye jeneza yalikuwa na chembe ya ukweli, basi balozi aliyekataa kuruka foleni ya unga alikuwa amechukua mke wa mtu aliyekuwa vitani. Angesimamaje mbele ya watu na kuyasema maisha yake?

Alianza na mama.

"Mama, wewe na baba mlikutana wapi?"

Benedikta alikuwa akichambua mchele kwenye ungo. "Hapa hapa mjini."

"Lini?"

"Wakati wa vita."

"Vita vilikwenda miaka sita, mama."

"Basi ndani ya hiyo miaka." Akapepeta makapi, yakamrukia Hyasinta miguuni. "Mwambie Pantaleo tulikutana kanisani. Nani atakwenda kuuliza?"

"Ni kweli mlikutana kanisani?"

"Hapana," alisema mama yake, na kuendelea kuchambua.

Jumamosi Hyasinta alifunga cherehani mapema akaenda Buguruni. Kibanda cha Mzee Filbert kilikuwa karibu na sokoni, fremu za baiskeli zimening'inia juu kama mbavu. Mwenyewe alikuwa amechuchumaa mbele ya beseni la maji, akizamisha tyubu na kutafuta mahali linapotoka povu.

"Shikamoo, Mzee Filbert."

"Shikamoo yako mpelekee babu yako aliyewakimbia Wahehe akasahau kaptula," alijibu. "Umeleta panya wangapi? Mngoni haji mikono mitupu."

Watu wawili waliokuwa wakisubiri baiskeli zao wakacheka. Hyasinta alijua kwamba hapo inabidi ajibu, kwamba wenzake wote wa Kingoni wana jibu tayari, la Wahehe kula mbwa au la ulanzi, pombe yao ya mianzi. Yeye hakuwahi kuliweza jambo hilo. Mdomo wake ulikuwa mzito kwa utani tangu utotoni.

"Nimekuja kuuliza jambo la kweli," alisema. "Yale maneno uliyosema kwenye jeneza. Kwamba mama ni mke wako."

"Si mke wangu?"

"Naomba unijibu vizuri, mzee."

"Nakujibu vizuri sana. Mimi nilikuwa Bama nawindwa na Wajapani, baba yako amekaa hapa anawinda mke wangu. Alimtega na mtego wa panya. Akaweka kipande cha nazi, mama yako akaja kunusa, pwaa!" Akapiga kofi maji ya beseni.

"Baba alikuwa rafiki yako kabla hujaondoka? Ulimwachia mama amtunze?"

"Ndiyo. Nikamwachia na kuku sita. Kuku aliwala wote."

"Mzee Filbert!"

"Basi watano."

Wale wawili walikuwa wameshikana mabega kwa kicheko. Hyasinta alihisi masikio yakimwaka. Mtu pekee aliyekuwapo alikuwa mtani wa baba yake, na kila alichokitoa mdomoni kilitoka na manyoya ya utani. Angewezaje kujua lipi la kuchukua na lipi la kutupa? Mtani haapishwi, mtani hakasirikiwi. Alimtazama usoni akitafuta jicho litakalomsaliti, lakini mzee alikuwa ameshainama tena juu ya beseni.

"Mwache baba yako apumzike," alisema kwa sauti ya chini kidogo. Kisha akaiinua tena: "Na wewe mke wa reli, mumeo akirudi mwambie aje nimtie upepo!"

Alirudi Kariakoo kwa miguu, kwa kuwa hakuweza kusimama kituoni kungoja basi. Njia nzima alijigombeza. Karibu na nyumbani akakumbuka jina ambalo mama yake alilitaja kila mara alipoonja chai mbaya: Ranjanben hakunifundisha hivi.

Ranjanben alikuwa mjane wa Lalit, mfanyabiashara wa Kihindu aliyekuwa na duka Lindi kabla ya kuhamia Dar es Salaam, na Benedikta, msichana wa Kimakua kutoka Ndanda, alikuja mjini pamoja nao akiwa yaya wa mtoto wao Harshad. Jengo la familia hiyo pale Kisutu lilikuwa sasa mali ya umma, na wao walibaki na vyumba viwili vya juu walivyovipanga kutoka serikalini. Hyasinta alipanda ngazi Jumatatu saa ya mapumziko, akamkuta ajuza mdogo mwenye sari nyeupe amekaa dirishani.

"Mtoto wa Benedikta," alisema ajuza kabla Hyasinta hajajitambulisha. Kiswahili chake kilikuwa cha Lindi kabisa. "Paji hilo ni la baba yako. Kaa. Pole kwa msiba. Nisingeshindwa na ngazi hizi ningekuja. Chai haina sukari, sukari imehama nchi."

"Ahsante, mama. Nimekuja kuuliza kuhusu mama na Mzee Filbert."

"Filbert askari? Bado anapayuka?"

"Kila siku."

Ranjanben akacheka, akaanza kumimina chai. Alisimulia bila kutafuta maneno, kama anayeeleza njia ya kwenda sokoni. Wakati ule wa vita, ng'ambo ya duka lao palikuwa na ghala la jeshi, na Filbert alikuwa mlinzi. Benedikta alipokuwa akimbembeleza Harshad barazani, askari alikuwa akimbembeleza Benedikta. Akasema atamwoa. Wahehe wenzake wakaambiwa, mume wa Ranjanben akaambiwa, Benedikta akakubali. Kisha kikosi kikapandishwa melini.

"Kumbe kweli alikuwa mchumba," alisema Hyasinta.

"Kweli. Kisha ikaja habari kwamba meli imezama baharini na askari wetu wengi mno. Tukaambiwa na Filbert yumo. Mama yako hakupiga kelele. Alinyamaza tu, akaacha kula. Mtoto wangu alikuwa analia, yaya ananyamaza, nyumba nzima ikawa mbaya. Wahehe wakaja kumwomba mume wangu uwanja wa nyuma ya duka wafanye matanga. Lalit akatoa uwanja na mchele."

"Na baba yangu alikuwapo? Alikuja kama rafiki wa marehemu?"

"Rafiki!" Ranjanben aliweka kikombe chini. "Ngoja nikwambie. Siku ya pili wazee wa Kihehe wakaona kasoro. Hakuna Mngoni. Walisema haiwezekani kumzika Mhehe, hata bila mwili, bila mtani wa kumtukana, marehemu atakasirika. Wakatuma vijana barabarani: leteni Mngoni yeyote, hata mlevi. Wakasimama pale kona wanauliza kila kuli anayetoka bandarini, wewe kabila gani, wewe kabila gani. Mmoja akasema Mngoni. Wakamkamata mkono. Mwenyewe alidhani anakamatwa kupelekwa kwa nguvu kwenye mashamba ya mkonge, akawa anapiga mateke."

Hyasinta alikuwa amesimama bila kujua. "Alikuwa hamjui Filbert?"

"Amjulie wapi? Pale mlangoni ndipo alipouliza, marehemu anaitwa nani? Wakamwambia. Akasema haya, akajifuta jasho, akaingia na kazi yake. Mimi nilikuwa dirishani. Alikuwa hodari! Walikuwa wameweka sanduku la Filbert mkekani badala ya mwili. Akalilalia. Akalinusa, akasema linanuka mbwa. Halafu akauliza, mjane yuko wapi? Wakamwonyesha mama yako. Akaligonga sanduku." Ajuza akanyoosha mkono, akagonga mbao za dirisha. "'Hodi! Mhehe, umelala? Basi lala. Mke wangu namchukua mchana kweupe, na hakuna wa kunidai.'"

Barabarani mtu alipiga kengele ya baiskeli. Hyasinta aliisikia kama inatoka mbali.

"Maneno hayohayo?"

"Hayohayo. Na mama yako akacheka. Alicheka mpaka akaegemea mikono. Wazee walikasirika, mchumba wa marehemu anachekaje namna hiyo? Mngoni akawaambia mwacheni, huyu amenielewa. Jioni alirudi kuuliza kama amekula. Kesho yake akarudi tena." Ranjanben akavuta sari begani. "Nikapoteza yaya. Wa pili alikuwa anamfinya Harshad."

Hyasinta hakurudi kazini. Aliteremka ngazi, akapita Mtaa wa Swahili, akageuka, akapita tena, wachuuzi wakimwita na yeye hawasikii. Alipaswa kufurahi. Baba yake hakuwa amemsaliti rafiki, hakuwa amevunja amana yoyote. Alikuwa mpita njia aliyekamatwa kwa kabila lake na kusukumwa kwenye matanga ya mtu aliye hai. Lakini palikuwa na kipande kilichobaki, na hicho kilikuwa kibaya zaidi. Meli ilizama, ndiyo. Filbert hakuwamo. Siku moja alirudi, na siku hiyo lazima palikuwa na mlango, na watu watatu, na mtoto mchanga ambaye ni yeye. Nani aliamua? Je, mama alibaki kwa sababu alitaka, au kwa sababu alikuwa tayari na mtoto mgongoni?

Mama yake alikuwa uani akitwanga kisamvu. Hyasinta alikaa kwenye kigoda, akainuka, akakaa tena.

"Nimetoka kwa Ranjanben."

Mchi ukasimama. Kisha ukaendelea. "Anaendeleaje?"

"Mama, siku Mzee Filbert aliporudi ilikuwaje?"

Benedikta alisukuma majani ndani ya kinu kwa vidole. Alikuwa mwanamke mfupi, mikono yake imara bado, na khanga nyeusi ya eda ilimfanya aonekane mfupi zaidi.

"Mchana," alisema. "Nilikuwa nasonga ugali, wewe uko mgongoni. Nikaona kivuli mlangoni, nikageuka, nikaona maiti imebeba begi. Mwiko ulinianguka. Nilipiga ukelele hata baba yako akatoka ndani akidhani moto."

"Baba akafanya nini?"

"Hakuwa amemwona kabla, lakini alimjua. Nilikuwa nimemweleza lile kovu la kidevu. Wakatazamana. Filbert alikuwa ameshaambiwa yote pale Buguruni, na maneno ya kwenye sanduku ameambiwa. Baba yako akamwambia, mtani, chochote kilichomo humu ni chako, chukua. Ndivyo ilivyo kwa watani, mtu anachukua. Halafu akanigeukia mimi." Mchi ulisimama tena. "Akasema, isipokuwa huyu hachukuliwi. Huyu aseme mwenyewe. Mama Hyasinta, kama unamtaka aliyerudi, nitambeba mtoto mimi mwenyewe mpaka huko kwake."

"Ukasema nini?"

"Nilisema ugali unapoa."

Hyasinta alingoja.

"Basi? Ndiyo hivyo tu?"

"Ulitaka nihutubie? Walinielewa. Filbert akavua viatu, akakaa mkekani, akala. Alikula ugali wote, mboga yote, akakwangua na sufuria. Mimi na baba yako tulilala njaa. Jumapili iliyofuata akaja tena. Na hajaacha."

"Ulimpenda nani, mama?"

"Hyasinta, mbona unachimba kama unatafuta maji? Mmoja nilimlilia akiwa mzima. Mwingine alinichekesha siku niliyodhani sitacheka tena. Nilikuwa msichana. Nikachagua aliyenichekesha." Akachota kisamvu kwa mkono, akakitazama kama kimelainika. "Filbert aliponirudishia maneno yale juu ya jeneza, niliona siku mbili kwa mpigo. Miguu ikaninyanyua. Hakuna kingine."

"Na yeye anasema kweli? Anataka kukuchukua?"

Benedikta alimtazama binti yake, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi pembe za mdomo wake zikatikisika. "Wewe si Mngoni? Muulize mtani wako."

Siku ya arobaini ua ulijaa tangu asubuhi. Misa ilisomwa, mchele ukaiva, mikeka ikatandikwa hadi barazani. Mzee Pantaleo akapiga makofi watu wanyamaze, akamwita Hyasinta. Alisimama, mikono ikisokota pindo la gauni alilolishona mwenyewe na kulifumua mara mbili. Mpaka pale aliposimama hakuwa ameamua. Angeweza kusema kanisani. Neno moja tu, watu wangetabasamu kama Pantaleo alivyotaka, na jina la baba lingebaki bila doa. Aliyasema ya Peramiho, akayasema ya bandarini. Akafika.

Akamwona Mzee Filbert ameketi karibu na jiko, kichwa amekiinamisha.

"Baba na mama," alisema, na sauti ikampanda, "walikutana wakati wa vita, kwenye matanga ya Mzee Filbert."

Kisha ua ukalipuka.

"Leo amepatikana!" alipiga kelele mtu wa nyuma. "Mhehe, umezikwa!"

"Kumbe binti anaweza!" Mzee Pantaleo alikuwa akijifuta macho kwa leso. "Miaka yote amenyamaza, kumbe analiweka jibu!"

"Ni kweli," alisema Hyasinta. "Sitanii."

Wakacheka zaidi. Akaona hakuna namna ya kuwazuia, akasonga mbele, kwa sauti ileile ya kunyooka, neno baada ya neno. Akasema jinsi Mngoni alivyookotwa barabarani akirusha mateke. Akasema sanduku lilivyonuswa. Akasema marehemu alivyorudi na begi lake, baba akampa ruhusa ya kuchukua chochote, mama akapewa nafasi ya kusema, na Mhehe akaishia kula ugali wote na kukwangua sufuria. Wanaume walipigana mapaja, wanawake waliangukiana mabegani. Hapakuwa na neno moja la kubuni katika yote aliyoyasema, na hapakuwa na mtu mmoja aliyemwamini, isipokuwa mjane mkekani na mzee kando ya jiko, ambao walikuwa wamekaa kimya.

Alipomaliza, Mzee Filbert akainua mkono kama mwanafunzi.

"Amekosea pahali pamoja," alisema. Watu wakatulia wasikie. "Ulikuwa ugali wa muhogo."

Kicheko kikarudi upya. Hyasinta peke yake ndiye aliyeyaona macho ya mzee. Yalikuwa mekundu.

Baada ya chakula ilibaki kazi ya mwisho, nayo ni ya mtani: kufagia ua, kukunja mikeka ya msiba, na kumnyanyua mjane. Filbert akapewa ufagio. Alifagia akiyumba kama mlevi, akawafagia watu miguu, akafagia na kofia ya Mzee Pantaleo. Watoto walimfuata nyuma. Kila mtu alijua atakapoishia, na alipofika mbele ya Benedikta wakasogea karibu kulingoja neno lenyewe, mke wangu twende.

Alisimama. Akaushusha ufagio.

"Shemeji," alisema taratibu, "inuka. Tanga limekwisha."

Watu wakatazamana. Hakuna aliyewahi kumsikia akimwita hivyo. Hili hasa ndilo alilolitaka Hyasinta, jibu lisilo na manyoya, na sasa lilipokuja lilimtia baridi.

Benedikta alimtazama mzee kwa muda mrefu, kutoka miguuni hadi kwenye kovu la kidevu. Kisha akanyoosha mkono ili ashikwe.

"Shemeji nani?" alisema. "Usinizeeshe, Filbert. Nishike mkono vizuri, halafu ufagie na pale, umepaacha."

Ua ukacheka kwa mara nyingine. Filbert alimnyanyua, akarudi kufagia pale palipobaki, na akafagia kwa bidii mno, mgongo amewapa watu. Hyasinta alimsogelea mama yake, akauchungulia uso wake aone kama lile lilikuwa jibu, na kama ni jibu, lilikuwa la nini. Lakini Benedikta alikuwa ameshageuka kuuliza ni nani aliyeacha masufuria juani. Hyasinta akainama kuyakusanya, akayapanga, akaona hayajakaa sawa, akayapanga upya.